Nywila Haina Hatia: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vitengo vya TEHAMA

Kwa: Wakuu wa Vitengo vya TEHAMA, vyuo vikuu na taasisi za umma
Kupitia: Dawati la msaada (likiwa wazi)

YAH: OMBI LA KUIACHIA HURU NYWILA INAYOSHIKILIWA BILA USHAHIDI

Waheshimiwa Wakuu,

Somo tajwa hapo juu lahusika.

Barua hii inaandikwa kwa heshima zote, kwa niaba ya kundi dogo la raia watulivu: watu ambao kompyuta zao zina mifumo endeshi miwili, Windows upande mmoja na Linux upande wa pili, na ambao mashine inapowaka huwauliza leo wanaingia wapi. Ni watu wa kawaida. Yupo mwanafunzi wa uhandisi ambaye mhadhiri wake anadai kazi ifanyike kwenye Linux, huku ofisi ya uhasibu ikidai fomu inayofunguka kwenye Windows pekee. Yupo mtafiti anayechakata takwimu upande mmoja na kuandika ripoti ya mfadhili upande wa pili. Hawakufanya hivyo kwa ufahari. Diski moja iligawanywa sehemu mbili kwa sababu fedha ya kompyuta ya pili haikuwepo.

Kwanza, pongezi. Hakuna ofisi yenye msimamo thabiti kama Kitengo cha TEHAMA. Kwingine mwananchi huambiwa leo hili, kesho lile. Dirishani kwa Kitengo jibu ni moja, tangu enzi za waya hadi enzi za Wi-Fi: "Utakuwa umekosea nywila." Hilo likigonga mwamba, lipo la akiba: "Zima, halafu washa." Na yote mawili yakishindikana, mtandao unasumbua, njoo kesho.

Mazungumzo yenyewe huenda hivi:

"Shikamoo. Kompyuta inakataa kuingia kwenye mtandao wa chuo."

"Marahaba. Umekosea nywila."

"Nywila ni hiyohiyo, mkuu. Upande wa Windows inaingia. Nikihamia Linux ndiyo inakataa."

"Basi tukubadilishie nywila."

Hapo ndipo Waheshimiwa wanapoombwa wasimame kidogo. Mashine ni moja. Kadi ya mtandao ni moja. Mtu ni yuleyule, na nywila ni ileile iliyokubaliwa muda mfupi uliopita. Kilichobadilika ni mfumo endeshi peke yake. Jaribio la namna hiyo, ambalo kila kitu ndani yake ni sawa isipokuwa kimoja, watafiti huliandikia maombi ya fedha. Kwa mwenye mifumo miwili linakuja bure, likiwa limekamilika, linapanda ngazi lenyewe hadi dirishani, na matokeo yake yako wazi: nywila haina hatia. Kitengo huyapokea matokeo hayo, hushukuru, na kuibadilisha nywila.

Adhabu hiyo haiishii kwa nywila. Ile ya zamani bado imehifadhiwa upande wa Windows, kwenye simu ya mhusika, pengine na kwenye kishikwambi alichokiacha bwenini. Vifaa hivyo vyote huendelea kubisha hodi kwa nywila iliyofutwa, seva nayo inahesabu makosa, na hesabu ikifika kikomo akaunti inafungwa. Aliyekuja asubuhi akiwa na tatizo upande mmoja, jioni anaondoka nalo pande zote mbili. Kwenye ripoti ya mwezi huyo ni mteja mmoja aliyehudumiwa mara mbili, na utendaji umepanda.

Wakati huohuo wahusika halisi wanatembea huru. Barua hii inawataja mmoja mmoja.

Wa kwanza ni saa. Tangu IBM PC AT ya mwaka 1984, ubao mama wa kompyuta za aina hii umebeba saa ndogo ya betri ili mashine ikizimwa isisahau wakati. Saa hiyo inajua tarehe na muda, lakini haisemi ni muda wa wapi. Windows huisoma kama saa ya mahali mashine ilipo. Linux, kwa desturi yake, huisoma kama saa ya kimataifa, UTC, kisha huongeza tofauti ya eneo. Kwa aliye London wakati wa baridi tofauti ni sifuri, hagundui kitu. Kwa aliye Dodoma, Nairobi au Kampala ni saa 3 kamili. Windows ikiiacha saa ya ubao kwenye saa tano asubuhi, Linux huamka, huongeza tatu, na kutangaza saa nane mchana. Linux nayo ikipata mtandao, ikajirekebisha na kuandika saa ya kimataifa ubaoni, Windows huamka na kushikilia kuwa bado ni saa mbili asubuhi. Mashine moja, nyakati mbili tofauti, na mwenye mashine katikati akiangalia simu yake.

Kinachochekesha ni asili ya ugomvi huo. Mwaka 2004 Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft, alieleza kwa nini Windows hutunza saa ya ubao kwa muda wa mahali. Zamani watu wengi waliweka Windows NT pamoja na MS-DOS na Windows 3.1 kwenye mashine moja, na mifumo hiyo ya zamani ilitumia muda wa mahali. Windows NT ikafuata ili mtu asilazimike kurekebisha saa kila anapohama mfumo. Yaani utaratibu unaowasumbua wenye mifumo miwili leo ulibuniwa kwa ajili ya kuwahurumia wenye mifumo miwili wa jana.

Saa kukosea kunahusianaje na kuingia mtandaoni? Pale ambapo kompyuta za maabara na ofisi zimeunganishwa kwenye domeini ya Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji na kompyuta, anayekagua waingiao ni itifaki ya Kerberos, iliyobuniwa chuoni MIT, Marekani, katika mradi wa Athena ulioanza mwaka 1983, na ambayo Microsoft iliipokea kwenye Windows 2000. Jina ni la mbwa wa vichwa vitatu wa hadithi za Wagiriki aliyelinda lango la kuzimu. Mbwa huyo hutoa tiketi zenye muda ili mwizi aliyenasa tiketi ya jana asiitumie leo, na kwa mpangilio wa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 kati ya saa ya mteja na ya seva. Saa 3 ni dakika 180. Baadhi ya programu zikiona pengo hilo hujirekebisha kimyakimya, nyingine hukataa na kusema wazi kwamba saa zimepishana mno. Ndiyo maana Jumanne inaingia na Jumatano haiingii, na Kitengo kinahitimisha kwamba mhusika Jumatano amekosea nywila.

Chuo kikiwa kimeziba njia ya kwenda kwenye seva za saa za nje hadi mtu aingie kwanza, mzunguko unakamilika. Saa inangoja mtandao uirekebishe, na mtandao unangoja saa irekebishwe.

Karibu kila Kitengo kina kijana mmoja, fundi wa maabara, mara nyingi wa mkataba, anayejua habari hii. Hakai dirishani. Mwanafunzi akimfuata maabara baada ya saa za kazi, fundi huyo haulizi nywila. Anafungua dirisha jeusi upande wa Linux, anaandika neno moja, timedatectl, na kuweka kidole kwenye mstari wa saa ya ubao. Mstari wa juu unasema 14:07, ule wa saa ya ubao unasema 11:07, na simu iliyo mezani inasema 11:07. Kesi imekwisha. Anahamia Windows, anaingia kwenye rejista, anaongeza kipengele kiitwacho RealTimeIsUniversal na kukipa thamani 1, ili Windows nayo isome saa ya ubao kama ya kimataifa. Ipo pia njia ya kuilegeza Linux, timedatectl set-local-rtc 1, ila amri hiyo yenyewe huonya kwamba mpangilio huo una matatizo yake, kwa hiyo anayejua huanzia Windows. Kazi nzima ni fupi kuliko kujaza fomu ya kubadili nywila.

Wa pili ni jina la kompyuta. Hapa, kwa haki, lazima ikubaliwe kwamba ipo nywila yenye kesi ya kujibu, ila si ya mtumiaji. Kila kompyuta iliyojiunga na domeini ina akaunti yake na nywila yake ambayo hakuna binadamu anayeijua. Windows huibadilisha yenyewe, kwa kawaida kila siku 30. Mtu akiunganisha Windows kwenye domeini kwa jina MAABARA-07, kisha akaunganisha Linux ya mashine hiyohiyo kwa jina hilohilo, Linux inaandika nywila mpya ya mashine juu ya ile ya Windows. Asubuhi Windows inaamka na kulalamika kwamba imani kati yake na domeini imevunjika. Dawa ni majina mawili: MAABARA-07W na MAABARA-07L. Kitengo, kwa kuwa nywila ya mashine hakiioni, hubadilisha ya mwanafunzi.

Wa tatu ni cheti, na huyu ndiye mkubwa wao.

Mitandao mingi ya Wi-Fi ya vyuo, ikiwemo eduroam, humtaka mtu aingie kwa jina na nywila yake binafsi. Eduroam ni wazo lililoanzia Uholanzi mwaka 2002 na leo limeenea katika nchi zaidi ya 100. Nchini Kenya huratibiwa na KENET na nchini Uganda na RENU, mitandao ya elimu na utafiti ya nchi hizo. Kabla nywila haijatumwa, seva ya chuo hutoa cheti cha kidijitali kuthibitisha kwamba ni ya chuo kweli, si ya mtu aliyekaa mgahawani na kifaa chake akijiita chuo. Windows mara nyingi humuuliza mtu kama mtandao huo aliutarajia hapo. Naye, akiwa na haraka ya kipindi, anabofya kukubali. Linux ni mkaidi zaidi. Inataka faili la mamlaka iliyotoa cheti, au itiwe alama kwamba cheti hakihitajiki.

Mwongozo wa Kitengo, wenye picha za Windows 7 na nembo ya chuo ya zamani, haulitaji faili hilo popote. Dirishani, mwenye huruma humwambia mwanafunzi atie alama ya "cheti hakihitajiki". Inaingia, kila mtu anafurahi. Sasa inafaa ikumbukwe kwamba njia ya MSCHAPv2, ambayo mitandao mingi ya aina hii huitumia kukagua nywila, ilivunjwa hadharani mwaka 2012. Watafiti wa usalama Moxie Marlinspike na David Hulton walionyesha katika mkutano wa DEF CON huko Las Vegas kwamba kuivunja ni sawa na kutafuta ufunguo mmoja wa usimbaji wa zamani wa DES, kazi ya chini ya siku moja kwa mashine maalumu. Kilichobaki kuilinda nywila ni ule ukaguzi wa cheti. Kitengo ambacho kila asubuhi kinaituhumu nywila kwa kosa lisilo lake, mchana kinawafundisha watu kuikabidhi kwa yeyote aombaye.

Kuna jambo jingine ambalo Kitengo kingelijua kama kingesoma kumbukumbu za seva yake. Kompyuta ikikikataa cheti, njia ya siri kati yake na seva haijengwi, na nywila haitumwi kabisa. Mtuhumiwa hakuwepo eneo la tukio. Kumbukumbu za seva ya RADIUS, ile inayokagua waingiao, hueleza mazungumzo yalivunjikia wapi, na ufunguo wa kumbukumbu hizo kinao Kitengo peke yake, mwanafunzi hana. Upande wa Linux maelezo yamo kwenye kumbukumbu zinazosomwa kwa amri ya journalctl, na mwanafunzi mwenye bidii huyachapisha kwenye karatasi na kuyaleta. Hupokelewa, hugongwa muhuri, huenda masjala.

Yupo pia ndugu wa cheti. Aprili 2022 ilitoka Ubuntu 22.04 ikiwa na OpenSSL 3, iliyoacha kukubali baadhi ya mazoea ya zamani yasiyo salama ya kuanzisha mawasiliano ya siri. Kompyuta nyingi zilizopandishwa toleo zikakataliwa na mitandao ya taasisi, kwa sababu seva za huko hazikuwa zimesasishwa kwa muda mrefu. Windows ya mashine hizohizo ikaendelea kuingia. Penye seva ya zamani, Kitengo kilitamka kwamba Linux ni mbovu, tamko ambalo kwa lugha nyingine humaanisha kwamba Linux imekataa kushiriki uzembe wa seva.

Wa nne ni kuzima kusikozima. Ushauri wa "zima, halafu washa" ungekuwa mzuri kama kuzima kungekuwa kuzima. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna mpangilio wa kuwasha kwa haraka: mtu akibofya kuzima, kiini cha Windows hakifi, hulazwa kwenye diski ili kesho kiamke upesi. Katika baadhi ya mashine kadi ya mtandao nayo hubaki katika hali ambayo Linux ikiwaka haiwezi kuiamsha, na orodha ya Wi-Fi inakuwa tupu. Kichekesho ni kwamba kuwasha upya, yaani kitufe cha jirani yake, huzima kiini chote kweli. Kwa hiyo anayetii ushauri wa dirishani neno kwa neno hapati nafuu, na asiyetii anapata. Mpangilio huo huondolewa kwa amri ya powercfg /h off upande wa Windows, na mtu hahitaji kutoa nywila yake kwa yeyote.

Wa tano ni kundi la wadogo, wanaotajwa kwa ufupi. Mitandao yenye ukurasa wa kuingilia hunasa vizuri maombi ya kurasa zisizofichwa tu. Mwenye kuanza na ukurasa wa https huona onyo la usalama badala ya fomu ya kuingia, na dawa ni kufungua anwani ya kawaida ya http kwanza. Mingine humkumbuka mtu kwa anwani ya kadi yake, na upande mmoja ukiwa umewekwa kutumia anwani za kubahatisha, mtandao unamwona mgeni kila anaporudi. Hawa huwekwa rumande kwa mpangilio mmoja tu kwenye skrini.

Waheshimiwa wanaweza kujibu kwa lile tangazo lililobandikwa mlangoni: "Kitengo hakitoi huduma kwa Linux." Tangazo ni halali, na barua hii inaliheshimu. Ila pana hatari likitekelezwa kwa uaminifu. FreeRADIUS, programu inayokagua waingiao katika vyuo vingi duniani, kwa kawaida huendeshwa juu ya Linux. Simu za Android, pamoja na ile aliyoishika ofisa wa dirishani wakati akimwelekeza mwanafunzi kwenye tangazo hilo, zina kiini cha Linux. Siku Kitengo kitakapoacha kweli kuihudumia Linux, hakutakuwa na mtandao wa kukatazwa mtu kuingia.

Wengine watasema wenye mifumo miwili wamejitakia, wangebaki na mmoja kama watu wote. Lakini mwenye mfumo mmoja saa yake ikikosea kwa betri ya ubao kufa, au seva ikibadilishiwa cheti bila tangazo, hukwama vilevile. Tofauti ni kwamba yeye hana upande wa pili wa kulinganishia, kwa hiyo akiambiwa amekosea nywila anaamini, anabadilisha, anakwama tena, na anarudi nyumbani akijilaumu. Mwenye mifumo miwili ni shahidi ambaye Kitengo kimempata bila kumtafuta, na kinachomuudhi ni kuona ushahidi wake unafutwa pamoja na nywila yake.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, maombi ni haya. Kwanza, cheti cha mamlaka kiwekwe mahali ambapo mtu hukipata kabla hajaingia mtandaoni, maana kukiweka ndani ya tovuti inayofunguka kwa walioingia tu ni ubunifu uliokwisha kusifiwa vya kutosha. Pili, seva ya saa ya chuo ifikike hata kwa asiyeingia. Tatu, kumbukumbu za seva zisomwe kabla ya hukumu. Nne, fomu ya sasa ya kubadili nywila, yenye nafasi ya jina, namba ya usajili, idara, sahihi ya mkuu wa idara na muhuri, iongezewe ukurasa wa mbele ufuatao:

A. Je, upande wa pili wa mashine unaingia kwa nywila hiyohiyo?
B. Saa ya mashine inatofautiana na ya simu kwa kiasi gani? (Ikiwa ni saa 3 kamili, acha kujaza, nenda maabara.)
C. Mashine ilizimwa au iliwashwa upya?
D. Seva ya Kitengo imeandika nini kuhusu jaribio la mwisho? (Ijazwe na Kitengo.)
E. Je, nywila ibadilishwe? (Ijazwe mwisho, na iwapo tu D imejazwa.)

Inaeleweka kwamba kipengele D kitaongeza kazi. Kama faraja, kipengele E kitaipunguza kwa kiasi kikubwa zaidi.

Wenu watiifu,
Watumiaji wa kompyuta zenye mifumo miwili

Nakala kwa:
Masjala, kwa kumbukumbu;
Kamati ya Nidhamu, ambako nywila kadhaa bado zinasubiri kusikilizwa;
Fundi wa maabara, pamoja na ombi kwa Idara ya Utumishi kwamba mkataba wake, unaoisha Juni, uhuishwe.